Dakika Moja ya Kurekebisha, Saa Mbili za Kuingia

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na dakika arobaini jioni. Anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu anajua maana ya saa hizo. Mishahara imeingia, watu wanalipa kodi ya nyumba, wanatuma pesa ushago, wanamalizana na mama mboga. Simu za huduma kwa wateja huwa hazipumui. Siku hiyo zilikuwa zimetulia kidogo, na sisi tukafurahi. Tukadhani mambo ni shwari.

Kumbe simu zilikuwa zinapigwa kwingine.

Asubuhi yake tulikuwa tumebadilisha ukurasa wa mawasiliano kwenye tovuti yetu, na mmoja wetu (ndiyo, wa timu hii hii inayokuandikia) akaandika 83 mahali pa 38. Tarakimu mbili zimebadilishana viti, basi. Nambari iliyotokea ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alianza kupokea simu za watu asiowajua wakimwambia pesa zao zimekwama. Mwanzoni alidhani ni matapeli. Alipochoka akaanza kuwauliza wameitoa wapi nambari yake, na alipoambiwa imeandikwa kwenye tovuti yetu, akaenda kwa ajenti wetu wa pale kwao, na ajenti akatupigia.

Kosa lenyewe lilihitaji chini ya dakika moja. Unafungua ukurasa, unageuza tarakimu mbili, unahifadhi. Kufika mahali pa kuzigeuza kulituchukua saa moja na dakika hamsini.

Tunaisimulia hapa, aibu na yote, kwa sababu wengi wenu mnaopokea malipo kupitia kwetu mna tovuti zenu siku hizi. Duka la viatu, saluni, shule ndogo, mtu wa keki, mtu wa vipuri vya gari. Na kwenye tovuti hizo kuna nambari ya Till au ya Paybill ambayo mteja anaiamini bila kukupigia simu. Nambari hiyo ikiwa si sahihi, pesa ndizo zinazopotea njia. Swali ni moja tu: je, unaweza kuingia sasa hivi na kuirekebisha?

Tulivyofungiwa nje ya nyumba yetu

Kwanza, hakuna aliyekumbuka anwani ya kuingilia. Tovuti yetu inatumia WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, na ambao leo unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa kawaida unaandika jina la tovuti yako kisha unaongeza /wp-admin, na mlango unatokea. Lakini fundi wetu alikuwa ameuhamisha mlango ili wezi wanaobahatisha nywila wasiupate kwa urahisi. Wazo zuri sana, ila sisi pia hatukuupata. Tulijaribu anwani tatu kabla ya mtu kukumbuka kwamba iko kwenye kikundi cha WhatsApp, meseji za mwezi wa nne huko.

Pili, nywila iliyokuwa kwenye kikundi hicho ilikuwa ya zamani. Tukaijaribu. Tukaijaribu tena kwa herufi kubwa. Jaribio la tano, mfumo ukatufunga kwa dakika ishirini kwa sababu ulidhani sisi ndio wezi. Na kwa kweli ungekuwa unatutazama kutoka nje, ungeona vivyo hivyo.

Tatu, tulipobonyeza pale pa kusahau nywila, linki ya kuibadilisha ilitumwa kwa imeili ya kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazini, na aliyeondoka mwaka uliopita. Imeili yake ilishafungwa. Linki ikaenda hewani.

Nne, mwenzetu mmoja akapata nywila sahihi kwenye daftari, na hapo ndipo mfumo ukaomba msimbo wa tarakimu sita uliotumwa kwa meseji. Meseji imeenda wapi? Kwenye laini ya mwenzetu mwingine aliyekuwa kwenye basi la kwenda Kitale, likizo imeanza, simu imezimwa kuokoa chaji. Alipoiwasha pale Nakuru msimbo ulikuwa umeisha muda. Tukaomba mwingine. Akatusomea kwa simu, huku kelele za abiria zikifanya "sita" isikike kama "tisa".

Unaweza kucheka. Sisi tulicheka Jumatatu. Ijumaa ile tulikuwa tunawaza kitu kimoja: mwalimu yule alikuwa mwaminifu. Kila aliyempigia alimwambia, "Mimi si hao, nambari imekosewa." Kama simu zile zingeangukia mtu mwenye roho nyingine, angewezaje kukataa bahati kama hiyo? Watu wana shida, wana haraka, na wao ndio waliompigia. Angewauliza tu PIN. Ndiyo maana tunarudia kila siku kwamba hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN, hata kama wewe ndiye uliyepiga, hata kama nambari umeitoa kwenye tovuti yetu wenyewe.

Till ya mwenzako wa zamani

Baada ya siku ile tukaanza kuwauliza wafanyabiashara wanaokuja ofisini kama wanaweza kuingia kwenye tovuti zao. Jibu tulilolisikia zaidi ni, "Hiyo anajua fundi."

Mmoja wao anaoka keki Thika. Alikuwa akifanya biashara na rafiki yake, wakaachana, kila mtu akaenda na njia yake, naye akajifungulia Till mpya. Alibadilisha bango la duka, akabadilisha kadi, akabadilisha hadi karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Tovuti ikabaki na Till ya zamani. Kwa wiki tatu, wateja waliokuwa wakiagiza keki za harusi usiku walikuwa wakimlipa yule rafiki. Alipotuuliza kama tunaweza kuzirudisha hizo pesa, ilibidi tumweleze ukweli: malipo yaliyoingia kwenye Till halali iliyosajiliwa na mtu mwingine hatuwezi kuyavuta hivi hivi, lazima mwenye Till akubali. Bahati nzuri rafiki alikubali, ingawa si zote na si kwa furaha.

Kwa nini hakubadilisha tovuti? Alijaribu. Fundi aliyemtengenezea alikuwa amehamia kazi nyingine na hakuwa akishika simu. Yeye hakuwa na jina la kuingilia, hakuwa na nywila, na imeili iliyosajiliwa ilikuwa ya fundi. Alikuwa na tovuti kama mtu mwenye duka ambalo ufunguo uko mfukoni mwa mpangaji wa zamani.

Kwa hivyo, kabla ya mambo ya kuingia haraka, hakikisha una haki ya kuingia. Muulize fundi wako leo vitu vinne: anwani ya mlango, jina lako mwenyewe la kuingilia (usikubali kushiriki lake), imeili iliyosajiliwa kwenye akaunti, na nani anamiliki jina la tovuti. Hilo la mwisho watu hulisahau. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KENIC na huuzwa kupitia mawakala wake, na lazima yalipiwe upya muda wake ukifika. Likisajiliwa kwa jina la fundi, fundi ndiye mwenyewe. Na kama imeili yako ya kazini inatumia jina hilo hilo, siku litakapokatika kwa kutolipiwa, imeili inakatika nalo, na linki ya kubadilisha nywila haina pa kufikia. Ndiyo sababu tunashauri akaunti kuu ya tovuti isajiliwe kwa imeili isiyotegemea tovuti yenyewe.

Kuingia bila kuzunguka

Sasa tuje kwenye haraka yenyewe. Wengi huanza kwa kuandika jina la tovuti yao Google na kubonyeza cha kwanza kinachotokea. Tuliwahi kufanya hivyo pia. Ni mwendo wa pole na ni hatari, kwa sababu ukurasa bandia wa kuingilia hauhitaji kufanana sana na wako ili kukudanganya ukiwa na haraka. Ingia mara moja kwa njia sahihi, kisha weka alamisho kwenye kivinjari, kwenye laptopu na kwenye simu. Kuanzia hapo ni kubonyeza mara moja. Aliye na Wix aweke alamisho ya wix.com, wa Blogger huingia kwa akaunti yake ya Google. Kanuni ni ile ile.

Nywila usiiweke kichwani wala kwenye WhatsApp. Tunajua daftari lilituokoa Ijumaa ile, na hatulidharau. Daftari lililofungiwa kabatini ni salama kuliko kikundi chenye watu kumi na wanne, watatu kati yao wameshaacha kazi. Lakini kifaa kinachofaa zaidi ni programu ya kutunza nywila, hata ile iliyomo ndani ya Chrome au ndani ya iPhone. Inakumbuka nywila ndefu ambayo hakuna binadamu angeikumbuka, inaijaza yenyewe, na ina faida moja ambayo wengi hawaijui: huangalia anwani ya ukurasa kabla ya kujaza. Ukifika kwenye ukurasa bandia wenye herufi moja tofauti, programu itakaa kimya. Wewe unaweza usione tofauti ya herufi, yenyewe inaiona. Ikikataa kujaza mahali inapojaza kila siku, usiandike kwa mkono kwa hasira. Rudi nyuma, tumia alamisho yako.

Na hii desturi ya kubadilisha nywila kila mwezi? Sisi tuliiacha. Shirika la viwango la Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa 2017, lilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu, maana wakilazimishwa huishia kuongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni mwa ile ile. Chagua ndefu, iwe ya tovuti hiyo peke yake, na uibadilishe siku mtu aliyeijua anapoondoka au ukishuku imevuja. Ukiibadilisha kwenye WordPress, vifaa vingine vilivyokuwa vimeingia kwa akaunti hiyo vinatolewa nje.

Halafu kuna ule msimbo wa tarakimu sita. Usiuondoe kwa sababu unakuchelewesha, tafadhali. Uhamishe tu kutoka kwenye meseji. Programu kama Google Authenticator hutengeneza msimbo mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yako, bila mtandao, bila bundles, hata ukiwa mahali ambapo hakuna hata baa moja ya mtandao. Meseji inaweza kuchelewa, na laini inaweza kuibiwa kwa mtindo wa kubadilisha SIM, ugonjwa ambao sisi watu wa pesa za simu tunaujua vizuri kuliko tunavyopenda. Angalia tu saa ya simu yako iwe sahihi, kwa sababu misimbo hiyo inatokana na saa. Simu ikiwa nyuma kwa dakika tano, kila msimbo utakataliwa na utadhani umelogwa. Mfumo ukikupa misimbo ya dharura wakati wa kusajili, ichapishe na uiweke pamoja na cheti cha biashara. Simu hupotea. Matatu ni matatu.

Pale kwenye ukurasa wa kuingilia wa WordPress kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa Remember Me ambacho watu hukipita tu. Usipokiweka alama, ukifunga kivinjari unatolewa, na hata usipokifunga utatolewa baada ya siku mbili. Ukikiweka alama unabaki ndani kwa siku 14. Kwenye laptopu yako mwenyewe, yenye nywila yake, kiweke. Utaingia mara mbili kwa mwezi badala ya kila asubuhi. Kwenye saiba, kamwe. Kwenye kompyuta ya saiba fungua dirisha la faragha, usikubali kivinjari kihifadhi nywila, na ukimaliza jitoe. Kama umeshafika nyumbani ndipo unakumbuka hukujitoa, ingia kwa simu, nenda kwenye wasifu wako ndani ya WordPress, utafute kitufe cha Log Out Everywhere Else. Kinafunga kila mahali pengine ulipobaki wazi. Wengi tuliowaonyesha hawakuwa wamewahi kukiona.

Kila mtu na ufunguo wake

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo biashara nyingi ndogo hujiumiza. Kila mtu anayeandika kwenye tovuti anapewa nywila moja, ile kubwa, ya msimamizi. Kijana wa mitandao ya kijamii anayo, binamu aliyesaidia siku moja anayo, fundi anayo. Siku Till inabadilika kwenye ukurasa, utamuuliza nani? Mfumo utasema aliyebadilisha ni "admin", na admin ni ninyi nyote.

WordPress ina ngazi tano. Administrator anafanya kila kitu, pamoja na kufuta watu wengine. Editor anarekebisha kurasa na makala zote lakini hagusi mitambo. Author anachapisha zake tu. Contributor anaandika, mwingine ndiye anachapisha. Subscriber anaona wasifu wake, basi. Kwa duka la kawaida, mwenye duka awe na akaunti ya Administrator anayoitumia kwa nadra, na nyingine ya Editor ya kazi za kila siku. Kijana wa makala mpe Author. Hataweza kugusa ukurasa wenye Till hata kwa bahati mbaya, na hiyo si kumshuku. Ni sawa na vile mhudumu wa kaunta wako anapokea malipo bila kuwa na uwezo wa kutoa pesa kwenye akaunti ya biashara.

Majina tofauti yanaharakisha kazi pia. Watu wawili wakifungua ukurasa mmoja, WordPress humwambia wa pili kwamba fulani anaurekebisha sasa hivi, kwa hivyo hamfutiani kazi. Na kila ukihifadhi, toleo la awali linabaki na jina la aliyebadilisha, unaweza kulirudisha. Hivyo ndivyo tulivyojua ni nani kati yetu aliandika 83. Hatumtaji. Anasoma hapa.

Ukishaingia, fanya kilichokuleta

Kuna kuingia na kuna kupotelea ndani. Unaingia kurekebisha bei, dashibodi inakuonyesha maombi ya kusasisha, unaanza kusasisha, saa imeisha. Ukiwa umeingia kwa jina lako, fungua ukurasa wa tovuti kama mteja anavyouona; juu kabisa utaona mstari mweusi, na ndani yake kitufe cha kuhariri ukurasa huo huo. Bonyeza hapo. Huna haja ya kuutafuta kwenye orodha ya kurasa arobaini.

Mtandao ukikatika katikati, usitupe laptopu. Mfumo hujihifadhia rasimu yenyewe kila baada ya dakika moja hivi, na muda wako wa kuwa ndani ukiisha utaletewa kidirisha cha kuingia upya juu ya kazi yako. Ingia hapo hapo.

Baada ya kuhifadhi, usiamini macho yako kwenye kivinjari ulichoingilia. Tovuti nyingi huweka nakala za kurasa ili zifunguke haraka, na mteja anaweza kuendelea kuona Till ya jana hata kama wewe unaona ya leo. Fungua ukurasa kwenye simu nyingine, kwenye dirisha la faragha. Ikiwa bado ni ya zamani, futa nakala hizo kwenye mipangilio ya tovuti. Kisha fanya tunachofanya sisi sasa kila tunapogusa nambari yoyote: lipa shilingi kumi kwa kusoma nambari kwenye ukurasa, si kwa kichwa, na utazame jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama ni nambari ya simu, ipige. Tungefanya hivyo asubuhi ile, tungeongea na mwalimu saa tatu badala ya saa kumi na moja.

Siku hizi tunajipima. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, mmoja wetu anachaguliwa bila kuambiwa mapema, laptopu imezimwa, na anatakiwa kuingia, kubadilisha neno moja kwenye ukurasa wa majaribio na kutoka. Mara ya kwanza ilichukua dakika kumi na moja, nyingi zikiwa za kutafuta simu yenye msimbo. Mwezi uliopita ilikuwa dakika mbili na nusu, na laptopu yenyewe ilimeza karibu dakika moja kuwaka. Yule wa keki naye alipata fundi mwingine, akabadilishiwa imeili na kupewa akaunti yake. Alituonyesha akibadilisha bei ya black forest kwa simu akiwa amesimama kwenye foleni yetu.

Mwalimu tulimtembelea wiki iliyofuata na kumwomba msamaha. Bado hupigiwa, mara moja moja, na watu walioihifadhi nambari yake kwenye simu zao kwa jina letu. Anawapa nambari yetu sahihi. Ameikariri.